Nchi Yetu Tuitembee Wenyewe

Kila mwaka, mvua zikishakatika mwezi wa Mei, Nyanda za Juu Kusini hubadili sura. Njia za vumbi hupitika, mahindi huanikwa, asubuhi za Mbeya na Iringa huwa na baridi ya kupenya mifupani, na mchana jua hung'aa pasipo wingu. Shule hufungwa, na katika ofisi, karakana na mashamba ya chai wafanyakazi huanza kuulizana: "Ndugu, likizo yako mwaka huu waipeleka wapi?" Swali hilo laonekana kuwa dogo. Sisi twaliona kuwa kubwa, na leo twataka kulijibu.

Likizo si hisani ya tajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi siku 28 mfululizo za mapumziko yenye malipo kila mwaka. Haki za namna hii hazikuanguka kutoka mawinguni. Wazee wetu wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1947, na wenzao wa reli wakagoma mwaka 1960, wakidai ujira na masharti ya kazi yaliyo bora. Mtu aliyerithi haki kwa jasho la wengine yampasa aitumie kwa akili.

Je, twaitumiaje? Wengi wetu huigawa likizo baina ya msiba, harusi, mavuno na nyumba isiyokwisha kujengwa. Hatuwalaumu wafanyao hivyo, maana hayo ni wajibu, na asiyezika wenzake hatazikwa. Lakini mtu afanyaye kazi miezi kumi na mmoja, kisha akautumia mwezi wa kumi na mbili kwa kazi nyingine, hurudi mezani pake amechoka kuliko alivyoondoka. Na wako wengine ambao likizo yao yote huishia barazani na kilabuni, wakitazama magari yakipita. Hao nao hawakupumzika, wamengoja tu.

Barabara kuu iendayo Zambia hupasua katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Huko ndiko wananchi wengi walikomwona tembo kwa mara ya kwanza na ya mwisho: kwa dirisha la basi, kwa dakika chache, huku kondakta akikusanya nauli. Hapo hapo mgeni kutoka Ulaya au Marekani huvuka bahari, akatumia akiba ya miaka miwili, ili akae siku saba katika Hifadhi ya Ruaha. Mwenyeji wa Kihesa au wa Mwanjelwa, aliyezaliwa katika nyanda hizi hizi, hajafika huko wala hana nia ya kufika. Ukimwuliza atakujibu: "Mambo hayo ni ya Wazungu."

Jawabu hilo lina asili yake, nasi tusilicheke. Mwaka 1910 Wajerumani walitenga sehemu ya nchi hii kuwa pori la akiba. Waingereza wakalipanga upya mwaka 1946 na kuliita Rungwa. Katika siku hizo Mwafrika akionekana porini na upinde huitwa jangili, na Mzungu akionekana na bunduki huitwa mwindaji. Baba zetu wakajifunza kukaa mbali na pori. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ilianzishwa mwaka 1964, wakati bendera ilikuwa imekwisha kuwa yetu. Lakini ile hofu ya kale ilibaki katika mioyo ya watu, nayo imerithiwa na wajukuu ambao hawajui ilitoka wapi.

Mwezi wa Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alitoa tamko la Arusha juu ya wanyamapori, ambalo si lile Azimio la mwaka 1967. Hakujidai kuwa mpenzi wa wanyama. Alisema waziwazi siku zile kwamba yeye mwenyewe hakuwa na haja ya kutumia likizo yake kuwatazama mamba. Bali alitaka wanyama walindwe, na aliona kwamba baada ya almasi na katani wao ndio watakaoiletea nchi fedha nyingi. Kwa nchi changa isiyo na kitu, hesabu hiyo ilikuwa ya busara. Twamheshimu Mwalimu, lakini katika jambo hili la mamba twathubutu kutofautiana naye kidogo. Mnyama atazamwaye na mgeni peke yake huwa bidhaa tu, na bidhaa mwenyeji haioni uchungu ikipotea. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mali hii ni macho ya wananchi wenyewe.

Basi na tuifungue hazina hii tuone kilichomo. Tuanze na Mbeya, ambako mtu hahitaji hata nauli kubwa. Mlima Loleza umesimama juu ya mji kama mlinzi. Kijana mwenye viatu imara na chupa ya maji aweza kuupanda asubuhi akarudi kula chakula cha mchana kilichochelewa. Ukichukua basi la Tukuyu, utashuka karibu na Isongole na kushika njia ya Ziwa Ngozi. Njia hiyo hupita katika msitu wa Poroto, penye migomba-mwitu na matope, kisha ghafula mti wa mwisho hukupisha, nawe wajikuta ukingoni mwa shimo la volkano. Ziwa li chini yako takriban meta 200, kimya, rangi ya kijani. Wazee husimulia mengi juu ya maji yale, na hata asiyeyaamini hupunguza sauti afikapo pale.

Mbele yake kuna Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu meta 2,960. Katika misitu ya mlima huu Wanyakyusa walimjua tangu zamani kima mmoja wamwitaye kipunji. Wataalamu walipowauliza wawindaji wa huko habari za wanyama, walitajiwa jina hilo, na baadhi yao wakadhani ni hadithi. Mwaka 2003 walimwona kwa macho yao. Mwaka 2005 habari zake zikatangazwa kwa ulimwengu, na mwaka uliofuata ikathibitika kwamba kima yule hakuwa wa jamii yoyote iliyojulikana, hata ikabidi apewe jamii yake mpya, ikaitwa kwa jina la Rungwe. Jambo kama hilo halikupata kutokea kwa kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikuta kipunji waliozidi kidogo tu 1,100 duniani kote, yaani Rungwe na Kitulo pamoja na kipande kimoja cha milima ya Udzungwa. Twawauliza walimu wa Mbeya: ni wanafunzi wangapi wawezao kumtaja mnyama huyu, aliye jirani yao na asiyepatikana nje ya Tanzania?

Kutoka Chimala hupanda ile barabara ya kona iitwayo Hamsini na Saba, kuelekea uwanda wa Kitulo. Wenyeji wauita Bustani ya Mungu. Uwanda huo, ulio juu ya meta 2,600 hivi, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, nayo husemwa kuwa ya kwanza katika nchi za joto za Afrika kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, na miongoni mwake aina 45 za okidi. Kitulo haitaki kiangazi. Maua yake huchanua katika mvua, tangu Desemba hata Aprili, basi mwenye likizo ya Krismasi asidhani kwamba amekosa bahati. Lakini asing'oe hata ua moja. Viazi vya okidi hizo vimechimbwa kwa miaka mingi na kuvushwa mpaka hadi Zambia kutengenezea kitoweo kiitwacho chikanda, na maeneo mengine yameachwa matupu.

Mwenye kupenda maji na ateremke Kyela mpaka Matema, ambako milima ya Livingstone huingia moja kwa moja katika Ziwa Nyasa. Hakuna ziwa duniani lenye aina nyingi za samaki kuliko hili, na maji yake huwa maangavu hata mtu aliyevaa miwani ya kuzamia huwaona samaki wadogo wa buluu na manjano wakizunguka miamba. Siku hizi imeingia michezo mipya: vijana hupiga kasia katika mitumbwi midogo ya plastiki yenye kasia la ncha mbili, wakashindana na mitumbwi ya mbao ya wavuvi, na aghalabu wavuvi hushinda. Katika soko la Matema akina mama wa Kikisi huuza vyungu vyao, vilivyoletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Huu ni mchezo na elimu na biashara kwa pamoja.

Twageuka sasa kwenda Iringa. Jiwe la Gangilonga li ndani ya mji wenyewe. Isimila ni kilomita 20 hivi kutoka mjini; humo, kati ya nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, ziliokotwa zana za mawe za watu walioishi pale maelfu na maelfu ya miaka kabla hatujapata chuma. Kalenga lipo fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa mwaka 1954, baada ya kukaa Ujerumani zaidi ya nusu karne. Na kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 100 upande wa magharibi huanza Hifadhi ya Ruaha. Baada ya kuongezewa Usangu mwaka 2008 ilifikia kilomita za mraba 20,226, ikawa kubwa kuliko zote nchini mpaka ilipoanzishwa Hifadhi ya Nyerere mwaka 2019. Humo tandala mkubwa na tandala mdogo huonekana katika nchi moja. Humo mna simba wengi, mbwa mwitu, palahala, na ndovu waliobaki baada ya ujangili mkali wa miaka ya karibuni. Kwa idhini na pamoja na askari mwenye silaha, mtu huweza hata kutembea kwa miguu. Aliyetembea hivyo saa mbili tu, akanusa nyayo mpya za nyati, hataliita tena pori mahali pa Wazungu.

Twajua jawabu litakalotolewa: "Mhariri, fedha ziko wapi?" Ni jawabu la haki. Ada ya raia katika hifadhi zetu hulipwa kwa shilingi, nayo ni sehemu ndogo tu ya ile atozwayo mgeni. Kinachomshinda mfanyakazi si lango, bali gari la kumfikisha langoni na kitanda cha kulala. Lakini sisi ni watu tuchangiao. Twachangia harusi ya mtu tusiyemjua vizuri, na kadi yake hatuthubutu kuirudisha. Watu thelathini wa tawi moja la chama cha wafanyakazi, wakiweka fedha kidogo kidogo kila mwezi, hushindwaje kukodi basi dogo mara moja kwa mwaka?

Lakini liko jambo lililo kubwa kuliko furaha ya likizo, na ndilo lililotufanya tuandike. Mto Ruaha Mkuu unakufa kila kiangazi.

Mto huo huzaliwa katika milima ya Poroto na Kipengere, hukusanyika katika mbuga ya Usangu, hupumzika katika kinamasi cha Ihefu, kisha hupita hifadhini, ukajaza bwawa la Mtera na kushuka Kidatu hata kuingia Rufiji. Zamani haukukauka. Tangu mwaka 1993, kila mwaka katika miezi ya mwisho wa kiangazi, maji husimama ndani ya hifadhi. Katika miaka mibaya yamesimama zaidi ya siku 100. Hapo viboko hujazana katika vidimbwi vya matope, samaki hufa, na ndovu hufukua mchanga kwa mkonga wakitafuta tone. Mwenye kudhani kwamba hayo ni msiba wa wanyama peke yao na akumbuke kwamba Mtera ina mitambo ya megawati 80 na Kidatu megawati 204. Taa iwakayo nyumbani kwa mfanyakazi wa Dar es Salaam na kiboko alalaye matopeni Ruaha hunywa kisima kimoja.

Sababu zajulikana. Mifereji ya mashamba ya mpunga huko Usangu huchota maji hata katika miezi ambayo shambani hamna mpunga, na mengi hupotea njiani pasipo faida kwa yeyote. Mifugo ilizidi. Misitu ya vyanzo imekatwa, na vinyungu vimelimwa mpaka ukingoni mwa vijito. Lakini mkulima wa Mbarali si adui. Ubwabwa tuulao kwa furaha watoka kwake. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu na maelfu ya ng'ombe wao wakapelekwa mikoa mingine, wengi wao kwa mateso. Na kiangazi kilipofika mto ulikauka vile vile. Fundisho ni kwamba kumfukuza mmoja hakurudishi maji yanayopotezwa na wengi.

Serikali imelisema jambo hili mara nyingi. Mwaka 2001 iliahidi kwamba kufikia mwaka 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2017 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliunda kikosi kazi cha kuokoa bonde hilo. Ahadi ni njema, na kikosi ni chema. Lakini mto hausomi taarifa. Ahadi isiyosimamiwa na wananchi hulala katika jalada, na wananchi hawawezi kusimamia mto ambao hawajapata kuuona.

Vivyo hivyo kwa majirani wa hifadhi. Mradi wa kukuza utalii Kusini, uitwao REGROW, ulipitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa dola milioni 150. Mwezi wa Aprili 2024 malipo yake yalisimamishwa, na mwezi wa Novemba mradi ukafutwa, kufuatia malalamiko ya wananchi waishio kando ya Ruaha. Sisi twasema tu kwamba hifadhi ambayo jirani yake huiogopa haina ukuta wa kuilinda. Mwana wa mfugaji akiingia langoni kama mgeni wa heshima, pamoja na mwana wa karani na mwana wa dereva, huenda siku moja akawa yeye ndiye askari wake hodari kuliko wote.

Kwa hiyo twapendekeza haya. Matawi ya vyama vya wafanyakazi yaanzishe mifuko ya safari, nayo yaanze na safari za karibu: Ngozi, Isimila, Matema. Waajiri wawape likizo wazazi wakati shule zimefungwa, maana mtu hawezi kumwonyesha mwanawe nchi iwapo mtoto yuko darasani. Wakuu wa hifadhi za taifa na wa misitu wapange siku za wenyeji, na malazi yawe ya bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi aweza kuilipa. Halmashauri ya Kyela iangalie fukwe zake: pawe na mtu mwenye kujua kuogelea, mtumbwi wa uokozi, na jaketi okozi kwa kila apandaye chombo, maana pepo za kusi katika Ziwa Nyasa huamka ghafula, na mamba wa midomo ya mito hawakuomba likizo. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, pamoja na wakulima wenyewe, isimamie milango ya mifereji ifungwe mpunga ukishavunwa. Hilo lawezekana pasipo kumnyima mtu shamba lake.

Na msafiri naye ana wajibu wake. Asiache chupa ya plastiki Ngozi, asiwashe moto Loleza, asimpigie mnyama kelele ili apate picha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini mwenyeji asiyeujua uwanja wake ataponea wapi?

Basi, ndugu mfanyakazi, ukiandika barua ya kuomba likizo mwaka huu, zitenge siku tatu kati ya zile 28. Wachukue watoto. Wapandishe mlima, waogeshe ziwani, kisha wapeleke Ruaha mwezi wa Oktoba, wausimamie mchanga mkavu pale ulipopaswa kuwa mto, wakuulize maji yamekwenda wapi. Ukirudi, uliza swali hilo hilo katika mkutano wa tawi lako, na usiketi mpaka umejibiwa.